Shika Pembe Yako, Bwana

Mama Mkubwa ana mikono isiyokauka. Hata siku ya mapumziko, akiwa amejinyoosha kwenye kochi na kikombe cha chai, ngozi ya vidole vyake imejikunja kama ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Huu ni mwaka wa ishirini na tisa anafua mashuka ya hospitali. Ukimuuliza anafanya kazi gani atakujibu, "Nawalaza wagonjwa," kisha atakuacha udhani ni nesi mpaka uulize tena.

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Nimekaa kwake tangu nimalize chuo, nikituma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Jumatatu moja alisahau miwani juu ya friji, nikaipeleka kazini kwake. Hivyo tu ndivyo nilivyoupata wimbo ambao kwa mwaka mzima nilikuwa nikiutafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Niseme kwanza nilikuwa natafuta nini. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa letu, na kwaya yetu ilikuwa na nyimbo ishirini na mbili. Mwalimu wa kwaya, mzee aliyefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, ameziandika zote kwa sol-fa, yaani kwa herufi za do, re, mi, kwenye daftari gumu lenye jalada jekundu, nasi tulikuwa tukiziimba kwa zamu. Ukifika ya mwisho unarudi ya kwanza. Waumini walizizoea kiasi kwamba ubeti wa tatu ulikuwa wakati wa kutafuta pipi za kuwanyamazisha watoto. Jambo hilo lilinichoma. Mungu aliyewaza kipepeo, akawaza na kifaru, tunamwimbia maneno yaleyale kwa mwendo uleule mwaka baada ya mwaka huku tukichungulia saa! Nilisema hivyo kwenye kikao, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na Mwalimu akanijibu kwa upole, "Kijana, leta wimbo. Hotuba tunazo."

Nikaleta. Nilizama kwenye simu nikatoka na nyimbo za watu wa mbali, zenye magitaa na ngoma na waimbaji wanaoruka. Tulijifunza mbili. Zilikuwa nzuri kwa wenyewe. Kwetu zilitukaa kama koti la mtu mrefu, mikono imefunika vidole. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliniambia baada ya ibada, "Mwanangu, leo tumeimba au tumeigiza?"

Halafu mchungaji akaja na lake. Jengo jipya la kanisa lilikuwa linakamilika, na ibada ya kulifungua ilikuwa imebakiza wiki nne. Akasimama mbele ya kwaya na kofia yake mkononi, vumbi la saruji kwenye viatu, akasema: "Naomba wimbo mmoja mpya. Msinifungulie kuta mpya kwa wimbo unaonizidi umri."

Sasa turudi kwenye miwani.

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jiko la hospitali. Kina mashine nne kubwa, moja imekufa siku nyingi na sasa ni kabati la glavu. Sakafu ya saruji imeinama kidogo kuelekea kwenye mfereji, kwa hiyo mgeni akiingia anatembea kama amelewa. Upande wa kushoto kuna mapipa ya maji baridi, maana shuka lenye damu likiingia kwenye maji ya moto kabla ya baridi, doa hilo halitatoka tena. Upande wa kulia kuna meza ndefu na dirisha pana, na hapo dirishani ndipo wanapokunja.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili, kila mmoja na pembe mbili mikononi. Wanalivuta likakaza, wanalikung'uta kwa pamoja, pa!, wanalikunja kwa urefu, wanasogeleana, mmoja anapokea pembe zote na mwingine anainama kuokota mkunjo, wanarudi nyuma, wanavuta tena. Siku hiyo Mama Mkubwa alikuwa akikunja na mwanamume mfupi ambaye kazini wote wanamwita Nusu. Akiinua mikono yake mpaka mwisho, shuka bado linakaribia kugusa sakafu.

Walikuwa wakiimba.

*Shika pembe yako, Bwana, nami nashika yangu,*
pa!
*Kilichochafuka jana leo kinang'ara.*
*Sogea, Bwana, sogea, nami nasogea,*
kimya, mikono inakutana,
*Nipokee huku.*

Mama Mkubwa alianza, Nusu akaitikia. Sauti ya Mama Mkubwa ni nzito, imekwaruzwa kidogo na mvuke wa miaka yote ile, na inapanda pale usipoitarajia, kama mtu anayeruka kidimbwi. Nilisimama mlangoni na miwani mkononi. Walikunja mashuka kumi na moja. Nilihesabu bila kujua kwamba nahesabu.

"Mbona umesimama kama mkaguzi?" Nusu akaniuliza.

"Wimbo gani huo?"

"Wa kukunjia," alisema Mama Mkubwa. "Nipe miwani."

"Nani kautunga?"

"Mashuka."

Nusu akacheka mpaka akaachia pembe. "Usimsikilize bosi wangu huyu. Ni yeye mwenyewe. Anazo kama thelathini. Za mashuka, za foronya, za magauni ya upasuaji. Kuna na wa mablanketi, ule ni mzito, lazima uwe umeshiba."

"Okota pembe yako, Nusu. Wodi ya wanaume wanasubiri."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa hasira na furaha, sijui kipi kilizidi. Nilikuwa nikila meza moja na mwanamke huyu. Kila Jumapili tulikuwa tukienda naye kanisani, anakaa benchi la nne kutoka nyuma, anaimba nyimbo zetu ishirini na mbili kwa sauti ndogo ya adabu, kama mgeni.

Jioni ile alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia moja kwa moja: naomba wimbo ule uimbwe kwenye ufunguzi.

"Hapana."

"Kwa nini, Mama Mkubwa?"

Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. "Niliwahi kwenda kwaya. Wewe hujazaliwa. Mwalimu wenu huyohuyo, enzi hizo nywele nyeusi, akaandika herufi zake ubaoni, akaniambia soma. Nikamwambia niimbie mara moja nitaimba. Akasema hapana, soma. Nikashindwa. Akasema, 'Dada, sauti unayo, lakini bila nota utawapoteza wenzako. Kaa kwanza.' Nikakaa."

"Kwanza mpaka lini?"

"Hakusema." Akacheka, lakini mikono ilisimama kwenye ungo. "Si mtu mbaya. Alikuwa na watu arobaini wa kuwanyoosha. Ila nilipotoka pale nikasema, basi, Mungu atanisikia hukohuko kwenye sabuni."

Nikamsaidia kutoa mawe bila kutoa hotuba. Kwangu hilo ni jambo gumu, wanaonifahamu wanajua. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Nitakuambia kitu, na usiende kukihubiri. Kuna jambo moja nalitamani. Nasikia nyimbo zinaimbwa kanisani, watu wanatoka nazo mdomoni mpaka njiani, na hakuna anayeuliza zimetoka kwa nani. Natamani wangu mmoja utoke hivyo. Mmoja tu. Watu wasionijua wauimbe."

"Basi nipe huo."

"Nikikupa, uimbwe kama ulivyo. Ukirudi umebadilika, huo si wangu, ni wenu. Na mimi sitaleta mwingine."

Nikaapa. Niliapa haraka sana.

Siku ya pili nilikwenda na simu nikaurekodi wimbo wote, beti tatu. Ubeti wa pili sikuwa nimeusikia, na ulipofika ilibidi nigeuke niangalie dirishani:

*Aliyelala humu jana, Bwana, ulimwona,*
pa!
*Kama aliamka, au kama ulimchukua.*
*Jina lake silijui, wewe walijua,*
kimya,
*Mfunike vizuri.*

Nimekaa chuo miaka mitatu nikisoma vitabu vinene kuhusu imani na jamii. Sijawahi kukutana na ukurasa uliobeba kiasi hicho.

Kisha nikafanya kosa langu, na nililifanya kwa bidii na kwa moyo safi. Nilikaa na simu na penseli siku mbili. Kwenye sauti iliyorekodiwa kulikuwa na kelele: mashine, toroli, na hilo *pa!* la mashuka linalorudi kila mstari. Nikatumia programu ya kuondoa kelele. Ikaondoa mashine, ikaondoa toroli, ikaondoa na mashuka. Sauti zilibaki safi kabisa. Lakini sasa kila mwisho wa mstari palikuwa na shimo la mapigo mawili lisilo na kitu, na mahali pengine mapigo matatu. Kwenye sol-fa niliyofundishwa na Mwalimu, mapigo hupangwa sawasawa kama matofali. Nikadhani Mama Mkubwa na Nusu walikuwa wakivuta pumzi. Nikaziba. Mahali pa *pa!* nikaweka neno "Bwana, Bwana," na mahali pa kimya nikaweka "haleluya." Nikagawa sauti nne. Nikampelekea Mwalimu, naye akaupitia kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hesabu zake zimekaa," alisema. Kwake hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Tukajifunza wiki mbili. Alhamisi ya pili nikamleta Mama Mkubwa mazoezini. Alivaa gauni lake la kijani la kutokea. Tulikuwa bado tunatumia ukumbi wa zamani, mabati yamepauka, ubao una nyufa. Akaketi benchi la nyuma, mkoba mapajani. Mwalimu akainua mkono, tukaimba. Hatukukosea hata nota moja. Sauti ya tatu, ambayo kwa kawaida huingia kama mtu aliyechelewa basi, siku hiyo iliingia kwa wakati.

Tulipomaliza, tukamgeukia.

"Mmeimba vizuri sana," alisema. "Huo ni wimbo gani?"

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mimi nilimwona uso. Aliinuka, akakung'uta gauni, akamwambia kila mtu kwaheri kwa adabu zote, akatoka. Nilimkimbilia nikamkuta langoni.

"Mama Mkubwa, maneno ni yako yote! Sauti ni ileile!"

"Najua, baba. Ni kama mmemchukua mtu mkamvalisha vizuri, kumbe hapumui." Akanigusa bega. "Usijisikie vibaya. Mlijitahidi. Imbeni tu, ni wimbo mzuri, ila msiseme ni wangu."

Angenigombeza ningelala vizuri.

Asubuhi ya Ijumaa nikajipeleka chumba cha kufulia. Mama Mkubwa hakuniuliza nimefuata nini. Alinirushia aproni na kumwambia Nusu apumzike. "Shika hapa na hapa. Ukikunja vibaya, mgonjwa atalalia mkunjo mpaka kesho. Haya."

Tukavuta. Nikaimba mstari wa kwanza pamoja na "Bwana, Bwana" zangu, na shuka likanichomoka mikononi likaanguka sakafuni.

"Hilo linarudi kufuliwa," alisema Nusu kutoka kwenye kiti chake, amekunja mguu kama mfalme. "Msomi ametuongezea kazi."

Tukachukua jingine. Likachomoka tena. La tatu nilikung'uta kabla yake, likajipinda kama kamba. Nusu alikuwa amefurahi mno.

"Unajua kwa nini linakuponyoka?" aliuliza Mama Mkubwa. "Unaimba pale pasipo na wimbo. Pale unatakiwa unyamaze usikilize mwenzako ameshika. Hulioni hilo kwa macho, shuka limekuficha uso wake. Unalisikia mikononi. Akiwa ameshika, linakaza. Ndiyo unakung'uta. Na pale pa pili, mnaposogeleana, unanyamaza zaidi, maana unamwachia pembe zako zote. Huwezi kumwachia mtu kitu huku unapayuka."

"Sasa ukiimba 'shika pembe yako, Bwana'..."

"Namwambia ashike. Sasa nisipomsubiri ashike, nilimwambia ya nini?"

Nilisimama pale na shuka la wodi ya wazazi mkononi. Mashimo yale niliyoyaziba kwa haleluya ndiyo yalikuwa sala. Ninyi mnaosoma, mkitaka kunicheka, chekeni, nimestahili. Lakini jiulizeni ni nyimbo ngapi tumezijaza mpaka mdomoni, zisibaki na nafasi ya yule tunayemwimbia kushika chochote.

Tulikunja mpaka saa sita mchana. Kufikia shuka la ishirini hivi, mikono yangu ilianza kujua kabla yangu.

Kumshawishi arudi mazoezini kulichukua siku nne na msaada wa Nusu, aliyetangaza kwamba Mama Mkubwa asipokwenda, yeye Nusu ataenda na ataimba ubeti wa pili kwa sauti yake ya bafuni. Alhamisi ilipofika, msimamizi wao alituruhusu kuchukua mashuka kumi yaliyochakaa, yaliyokuwa yanasubiri kukatwa kuwa matambara. Mama Mkubwa akayabeba kwenye mfuko mkubwa mpaka ukumbini.

Mwalimu aliutazama mfuko, kisha akanitazama mimi. "Hii ni nini?"

"Mwalimu, naomba tukunje mashuka."

"Kijana, zimebaki siku kumi. Hapa ni kanisani, si kwa dobi."

"Najua, Mwalimu," alisema Mama Mkubwa. "Ningekuwa kwa dobi ningekuja na mabuti."

Kwaya ikacheka, Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari lake jekundu, akaweka kidole. "Mama, nitasema wazi, maana wimbo nimeupenda. Nimeusahihisha nikaupenda. Lakini kuna kitu kimekuwa kikinisumbua tangu mwanzo. Mungu ashike pembe ya shuka? Tunamwimbia Mwenyezi. Haiwi kama tunamshusha?"

Mimi nilikuwa na hotuba tayari, nimeshafungua mdomo. Mama Mkubwa akaniwahi.

"Aliinama akaosha miguu ya watu, Mwalimu. Shuka litamshinda?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyouliza sabuni imebaki kiasi gani. Mwalimu alifumba daftari polepole, akalifungua, akalifumba tena. Halafu, na hili sitalisahau maishani, akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akasema, "Nishike wapi?"

Wakasimama katikati ya ukumbi, Mama Mkubwa na mzee aliyemwambia akae miaka hiyo yote iliyopita. Kwanza Mwalimu alihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu..."

"Usihesabu."

"Nitajuaje muda umefika?"

"Nitakuwa nimeshika. Utajua."

Mara mbili shuka liliwaangukia. Mara ya tatu Mama Mkubwa akaanza wimbo, Mwalimu akaitikia kwa sauti nzito kama inayotoka kisimani, na mwisho wa mstari akanyamaza. Nikaona uso wake juu ya ukingo wa shuka, umetega kama wa mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje. Shuka likakaza. *Pa!* Vumbi la chaki likapaa kwenye mwanga wa dirishani. Wakasogeleana, vidole vikakutana, akaachia.

Mwalimu alibaki pale mikono mitupu. "Ahaa," alisema. Kisha kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ni mdogo, sote tulisikia: "Ni wewe uliyekuja mwaka ule. Nikakuambia ukae."

"Nilikaa," alisema Mama Mkubwa. "Nilikaa vizuri tu, Mwalimu. Usijali."

"Nimejali," alisema. Akaenda ubaoni, akachukua kifutio, akafuta "Bwana, Bwana" zangu zote, kisha haleluya zote, mstari kwa mstari, mpaka ubao ukawa na matundu kama nyavu. Akageuka na chaki mkononi. "Hapa niandike nini?"

"Usiandike kitu."

Akafikiri. Mtu wa hesabu hawezi kuacha nafasi bila alama. Akachora kijiduara kidogo kitupu kila mahali pa kimya, akatuambia, "Mkifika hapa, hamhesabu. Mnasubiri."

Jioni hiyo tulikunja mashuka kumi yale mara nyingi mno, watu arobaini wawili wawili kwa zamu, mama wa sauti ya kwanza na kijana wa besi, wanaogombana na wasioongea. Mpiga kinanda ndiye aliyepata taabu kuliko wote. Binti huyu akiona kimya, vidole vyake vinaenda vyenyewe kukijaza. Mwishowe aliamua kila akifika kwenye kijiduara anakalia mikono yake. Nilidhani anatania, lakini alifanya hivyo kweli.

Mwalimu akamwomba Mama Mkubwa auanzishe wimbo siku ya ufunguzi. Akakataa.

"Nimeuimba miaka tisa," alisema. "Sijawahi kuusikia. Niacheni nikae."

Jumapili ya ufunguzi jengo lilikuwa bado linanuka rangi. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama wameegemea kuta, wageni wa makanisa jirani, jamaa za mafundi, watu ambao hatujawahi kuwaona. Nilikuwa na hofu, nakiri. Tungeimba bila mashuka, mikono mitupu. Ukimya kwenye wimbo mbele ya watu mia tano ni jambo la kutisha. Mtu mmoja akikohoa, mmoja akidhani tumesahau akaanza kutupigia makofi ya huruma, kila kitu kimeharibika, na Mama Mkubwa hatatoa mwingine.

Alikuwa benchi la nne kutoka nyuma, gauni la kijani. Nusu pembeni yake, katika suti ya kuazima iliyomzidi kimo.

Tukaanza. *Shika pembe yako, Bwana, nami nashika yangu.* Tukanyamaza.

Mtoto mmoja alilia kidogo. Feni ilizunguka. Niliwaona watu wakiinua vichwa kutazama kama kuna hitilafu. Mpiga kinanda alikuwa amekalia mikono. Na Mwalimu, mbele yetu, mikono yake imenyooshwa sawasawa na kifua, vidole vimefumba, amesubiri, amesubiri, kisha akaivuta kidogo tu, nasi sote arobaini tukaingia pamoja kama mtu mmoja: *Kilichochafuka jana leo kinang'ara.*

Ubeti wa pili, wakati wa "jina lake silijui, wewe walijua," kimya kilipofika hakikuwa chetu peke yetu. Kanisa zima liliacha kupepea karatasi zake. Mzee mmoja mbele alifumba macho. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi aliinamisha kichwa mpaka magotini, na mtu asiyemjua akamwekea mkono mgongoni. Ubeti wa tatu waumini walianza kuimba nasi, wakikosea huku na huku, lakini kwenye kijiduara hakuna aliyeimba. Hakuna aliyewafundisha.

Sikuthubutu kumtazama Mama Mkubwa mpaka mwisho. Nilipomtazama, alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mkoba, kama mtu anayepigwa picha. Nusu ndiye aliyekuwa akilia, anapangusa pua kwa mkono wa suti ya watu.

Baada ya ibada watu walimiminika uani. Mchungaji alikuwa akishika mikono ya kila mtu. Mwalimu alikuwa akimweleza mgeni mmoja kuhusu vijiduara, kwa kirefu sana. Nikamkuta Mama Mkubwa amesimama kando ya rundo la matofali yaliyobaki.

"Je?" nilimuuliza.

Akaniashiria ninyamaze. Mbele yetu mwanamke mmoja mgeni alikuwa akimfunga mtoto mgongoni, anajiandaa kuondoka. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Maneno aliyasahau nusu, akaweka ya kwake: *Shika mkono wako, Bwana, nami nashika mtoto.* Akanyamaza, akakaza kitenge kwa nguvu, akafunga fundo. Kisha akaendelea, akapita mbele yetu, akatusalimia kwa kichwa, akatoka langoni akielekea barabarani na wimbo wake.

"Amekosea maneno," nilisema.

"Kakosea nini? Shuka hana." Mama Mkubwa alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona. Uso wake ulikuwa umelegea, umepumzika, umekuwa wa msichana. "Umemsikia lakini alivyosubiri?"

"Nimemsikia. Nimwite? Nimwambie ni wako?"

"Ukimwita nakuhamisha nyumbani kwangu leoleo."

Nusu akatufikia, amevimba macho, anadai chai. Mwalimu naye akatokea nyuma yake, koti mkononi, daftari jekundu kwapani. Alisimama mbele ya Mama Mkubwa, kama mtu aliyetafuta namna ya kusema kisha akaamua kusema tu.

"Alhamisi tunaanza saa kumi na moja. Kuna nafasi sauti ya pili, mstari wa mbele. Ubao hutausoma, nitakuimbia mara moja."

"Mara mbili," alisema Mama Mkubwa. "Mimi mzee sasa."

"Mara mbili."

Mama Mkubwa akafikiri kidogo, akapangusa miwani kwa upindo wa gauni. "Na ule wa foronya mnautaka? Ni mfupi, lakini una kasi. Watu wa sauti ya tatu watapata shida."

"Sauti ya tatu," alisema Mwalimu, "shida wameizoea." Akafungua daftari hapohapo, juu ya matofali, kwenye ukurasa mweupe, akaomba kalamu.